Habari za Chombo Kilichotafuta Maji

Rafiki yangu wa Garissa hakuwahi kuona hata dakika moja ya kile kipindi cha televisheni, na bado sijapata mtu aliyekipenda kama yeye. Nimekutana na wapenzi wengi wa kipindi hicho tangu hapo: watu wazima wenye vitambi, wanaoweza kukaa saa nzima wakibishana kuhusu rangi ya taa za chombo cha angani, wenye roboti zao za utotoni zilizofungiwa kwenye maboksi zisiingie vumbi. Nakaa nao, nacheka nao, nataja kipande nilichokipenda zamani, kisha narudi nyumbani nimenuna. Wao wanakumbuka utoto mtamu. Mimi namkumbuka mtu niliyemharibia.

Tulikuwa darasa la sita, miaka ya tisini ikiwa bado michanga. Baba alikuwa karani katika ofisi ya maji ya serikali. Alihamishiwa Garissa kwa kosa ambalo hakuwahi kututajia, na kila Januari aliandika barua ya kuomba uhamisho, akaipiga chapa vizuri, akaituma, akasubiri. Mama alikataa hata kushona mapazia. Alisema hatukai. Tulikaa miaka tisa na magazeti yamebandikwa madirishani. Wenyeji walisema sisi tumetoka Kenya, kana kwamba ukivuka daraja la Tana umeingia nchi nyingine, na mama alilipenda sana neno hilo. "Si unaona wenyewe wanakubali," alisema. Kwake wao walikuwa "hawa watu" tu, mpaka siku tuliyofunga mizigo.

Tulikuwa na kitu kimoja ambacho majirani wengi hawakuwa nacho: televisheni na mashine ya video. Mawimbi ya stesheni hayakufika Garissa, kwa hiyo mjomba wangu wa Nairobi alikuwa akirekodi kile kipindi na kututumia kanda kwa basi. Utingo aliitia chini ya kiti chake, basi likangoja msafara wa polisi kwa sababu ya majambazi wa barabarani, na Ijumaa jioni kanda ikatufikia ikiwa na joto kama mkate. Jumamosi niliitazama. Kilikuwa kisa cha watu ambao sayari yao imekauka. Walikuwa na chombo kibovu, kapteni mwanamke, mganga mlevi, mafundi wawili ndugu wasiosemezana, na roboti mzee aliyekuwa akisahau mambo. Ndani ya tumbo la chombo, mamia ya watu walikuwa wamelazwa usingizi wa barafu, wakisubiri siku ambayo kapteni atapata sayari yenye maji.

Jumatatu moja nilikuwa nikiwasimulia wasichana wenzangu wa darasa letu wakati wa mapumziko, kwa mbwembwe zangu zote, mikono hewani. Wengine walicheka, wakaenda zao. Alibaki mmoja, mwembamba, amejifunga shungi la kijani lililopauka kwa jua. Familia yake ilikuwa imeingia mjini kutoka upande wa Modogashe baada ya ukame kuwamaliza wanyama. Baba yake alibaki huko na ngamia wachache waliosalia, mama yake akafungua kiduka cha sukari, majani ya chai na unga katika bula, yaani mtaa, iliyo nyuma ya soko. Tulikuwa tumesoma pamoja muhula mzima bila kusemezana.

"Umesema wamefika sayari mbya," aliniambia, p yake ikitoka kama b. "Nani alienda kuangalia kwanza?"

Sikumwelewa.

"Sisi, kabla ya kuhama, watu wawili wanaenda mbele. Sahan. Wanaangalia majani, wanaangalia maji, kama kuna ugonjwa, kama kuna adui. Halafu wanarudi, wanasema. Hii kabteni yenu anahama na watoto na wazee wote, na hajatuma mtu? Huyu hana akili."

Nilimtetea kapteni kwa hasira. Nilimwambia kwamba wao wana mitambo ya kuona mbali, hawahitaji watu wa kutembea kwa miguu. Jumamosi iliyofuata nikaitazama kanda mpya, na chombo chote kikanusurika kuungua kwa sababu hakuna aliyekwenda kuangalia kwanza. Niliporudi na habari hiyo hakushangaa hata kidogo. Alitikisa kichwa tu, jinsi mtu anavyotikisa kichwa akisikia mkaidi fulani ameumwa na nyoka.

Tangu siku hiyo akawa ananingoja langoni kila Jumatatu. Kuja kwetu kutazama kanda hakuweza, kwa kuwa mama hakutaka hawa watu ndani ya nyumba. Hakusema "hujambo." Alisema "Warran," neno lao la kumtaka mtu atoe habari, na alikuwa na maana hiyo kikamilifu. Kwao habari haitolewi ovyo. Mtu akitoka safarini huketishwa, hupewa chai, halafu huanza mwanzo: ametoka wapi, amepita wapi, amekuta nini, mvua imenyesha wapi na wapi haijanyesha. Harukii mbele, hapambi. Anayesikiliza anaweza kuhamisha nyumba yake na watoto wake kesho asubuhi kwa sababu ya maneno hayo. Kila nilipofika kwenye jambo kubwa rafiki yangu alinikatiza na swali lake, lilelile siku zote:

"Uliona ama uliambiwa?"

"Niliona."

"Haya. Endelea."

Mwanzoni lilinichekesha. Baadaye lilinifanya nitazame kile kipindi kwa umakini ambao sijawahi kuipa televisheni tena maishani. Nilihesabu mapipa ya maji. Nilijua nani alisimama mlangoni na nani aliketi, kwa sababu nilijua nitaulizwa.

Yeye naye alinilipa kwa vitabu. Mama yake alinunua makaratasi kwa uzani ili afungie sukari, na ndani ya magunia ya makaratasi hayo mlikuwa na vitabu vilivyoletwa kutoka ng'ambo kwa ajili ya kambi za wakimbizi vikaishia sokoni. Vingi vilikuwa vya dini za watu wengine na vya kutunza mbwa. Lakini mara kwa mara kilitokea kimoja chenye picha ya mwezi au chombo cha angani kwenye jalada, na hicho alikichomoa kabla hakijachanwa. Alikisoma nyuma ya kaunta huku akipima sukari, kisha akanipa habari zake kwa utaratibu uleule. Akifika mahali ambapo ukurasa haupo, alisema, "Hapa bamechanika. Sijui." Nikawa namsukuma: kisia tu, sema chochote, tusonge mbele! Alinitazama kana kwamba nimetema mate kwenye kibuyu cha maziwa.

Tulikuwa wakubwa kidogo kwa vitu vya kuchezea, lakini tulicheza kwa siri. Mimi nilikuwa na chombo cha plastiki cha kutumia betri, zawadi ya mjomba, kilichowaka taa nyekundu mkiani. Yeye alitengeneza chake kwa debe la mafuta ya msaada, akakikunja mdomo kwa jiwe mpaka kikachongoka, na ndani akapanga vijiwe. Vijiwe vyeupe vilikuwa watu, vyeusi ngamia. Nilimwambia hakuna ngamia angani. Akaniuliza hao watu watakunywa nini wakiamka. Chombo changu chenye taa nyekundu hakikuwa na mahali pa kuweka hata kijiwe kimoja.

Zile ndizo siku pekee za utoto wangu ambazo ningezirudia kama mtu angeniruhusu. Nyumbani kulikuwa na baba aliyesubiri barua na mama aliyekataa mapazia. Shuleni nilikuwa mtoto wa ofisa, wa Kenya, mla chakula kisichoeleweka. Katika mji mzima mtu mmoja alikuwa akiningoja mimi, na alikuwa akiningoja kwa sababu ya kile kipindi.

Nikiwa darasa la saba, mashine ya video ilikufa. Vumbi la Garissa liliingia ndani, ikaanza kutafuna kanda, mwishowe ikanyamaza. Baba aliipeleka Nairobi kwa fundi, na mpaka leo haijarudi. Fundi alihama kibanda. Baba alikasirika kwa siku mbili, kisha akarudi kwenye barua zake.

Jumatatu ile nilikwenda shule nikiwa nimepanga kumwambia. Nina hakika nilipanga. Nilimkuta langoni, ameshika daftari lake kifuani.

"Warran."

Nikafungua mdomo, na nilichosema ni kwamba kapteni ameumia mkono.

Sikufikiri. Nikimweleza mtu leo huniambia nilikuwa mtoto, ni mambo ya kitoto. Upuuzi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilijua vizuri nilichokuwa nikifanya. Niliogopa kwamba nikisema hakuna habari, Jumatatu ijayo hatakuwa langoni. Ndiyo sababu yenyewe na sina nyingine.

"Uliona ama uliambiwa?"

"Niliona," nikasema.

Nilidanganya kwa miezi kumi na minne. Kila Jumamosi nilikaa mbele ya televisheni iliyozimwa nikatunga. Mkono wa kapteni ulioza, mganga mlevi akaukata huku akilia. Mafundi wawili ndugu wakapatana, kisha mmoja akafa. Roboti mzee akapofuka, na alipopofuka akaanza kukumbuka kila kitu. Nilikuwa hodari, sitaki kujidai unyenyekevu hapa. Nilijua kupachika mambo madogo yanayofanya uongo usimame wima: mlango unaokwaruza, kikombe kilichopasuka mpini. Yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha kuyaona.

Jambo baya zaidi, niliiba kwake. Nilipoishiwa, nilimfanya kapteni atume watu wawili mbele. Nikawafanya wakae siku tisa, warudi wamekauka midomo, waketishwe, wapewe maji ya kunywa, kisha watoe habari mwanzo mpaka mwisho: kuna maji, lakini yako chini ya mwamba, na ni machungu. Kengele ililia, hatukuinuka.

"Sasa huyu kabteni amekuwa mtu," alisema rafiki yangu. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Wallahi, sasa amekuwa mtu. Uliona?"

"Kwa macho yangu."

Habari hazikuishia kwake. Jioni dukani alimsimulia mama yake kwa Kisomali, na wanawake waliokuja kununua sukari ya robo wakasimama kusikiliza. Nilikuwa nikimwita mama yake eedo, yaani shangazi, naye alinipenda kuliko nilivyostahili. Nikipita pale hunivuta ndani, hunipa chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki, na huniuliza kwa uso mzito kabisa: "Ile kabteni iko na afya? Na ile maji jungu, ngamia imekunywa?" Mzee mmoja wa maziwa aliniambia kwamba habari ya maji machungu imefika Balambala, na huko watu wamegawanyika, wengine wanasema kapteni ahame, wengine wanasema achimbe kisima kingine. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kulala nililala vizuri, na hilo ndilo linalonikera zaidi sasa.

Tulifanya mtihani wa darasa la nane. Yeye alipita vizuri kuliko msichana yeyote wa shule yetu, akachaguliwa kwenda shule kubwa ya bweni huko bara, ambako binti za wakubwa wa Nairobi walisoma. Mimi nilipata alama za kubaki Garissa. Mama alilia. Hakulia kwa sababu yangu. Alilia kwa sababu mtoto wa hawa watu anakwenda Kenya na wa kwake anabaki. Nami niliona kijicho, nisiseme uongo tena.

Asubuhi ya safari nilimsindikiza kituoni. Alikuwa na sanduku jipya la bati na viatu vilivyomzidi. Ndugu wa mama yake alikuwa amepinga asiende, akisema huko watamfundisha kujidharau, na eedo aliuza mikufu yake miwili ili aende. Kila mtu pale alijua kwamba akirudi ameshindwa, mdogo wake wa kike hatapelekwa popote. Lakini yeye alikuwa na furaha tupu.

"Huko kuna wasichana wa Nairobi," aliniambia. "Wanaona kibindi kwa nyumba zao. Nitabata watu wa kuongea nao! Nitakuandikia, nikuletee habari mbya, hata wewe uzimie."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Basi lilikuwa bado linapakia magunia. Nilikuwa na dakika kumi, labda kumi na tano, na sentensi moja tu ya kutamka. Nilijiambia kwamba wasichana wakubwa hawaongei mambo ya vipindi, wanaongea mambo ya nywele. Nikamkumbatia, nikamwambia asafiri salama.

Barua yake ilifika baada ya majuma matano. Midomoni mwake Kiswahili kilikuwa na vumbi la kwao, lakini kwenye karatasi hakuna aliyemshinda darasani, hata sisi wa Kenya. Alianza na salamu kwa baba na mama, akauliza afya ya kila mtu, kisha akatoa habari kwa utaratibu wake.

Jumamosi, baada ya kusafisha bweni, wasichana fulani walikuwa na kawaida ya kukusanyika juu ya kitanda kimoja. Walikuwa na mikebe ya penseli yenye stika za kile kipindi, na mmoja alikuwa na roboti ya plastiki aliyoitunza tangu utotoni. Kila mmoja alitaja kipande alichokipenda zaidi. Rafiki yangu alisimama pembeni Jumamosi mbili. Ya tatu aliomba kukaa. Walipomfikia, aliwapa habari ya mkono uliokatwa, ya fundi aliyekufa, na ya watu wawili waliotumwa mbele, siku tisa, mwamba, maji machungu. Aliandika kwamba mwanzoni walinyamaza kabisa, hata akafikiri wamefurahi.

Kisha wakamwambia hakuna kitu kama hicho. Kapteni ana mikono miwili. Mafundi wote wako hai. Yeye akasema hapana, iko. Wakacheka. Akala kiapo. Alisema wallahi, mbele ya kitanda kizima, kwamba ni kweli, kwa sababu aliyemwambia aliona kwa macho yake. Jumapili ya wazazi, msichana mmoja akaletewa gazeti lenye maelezo ya kila sehemu ya kipindi, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Wakamsomea kwa sauti, moja baada ya nyingine, bweni zima likisikiliza.

"Wamenipa jina," aliandika, "lakini sitaliandika hapa. Wanasema watu wa kwetu hudanganya hata kuhusu televisheni. Hilo ningevumilia. Lakini sasa kitu kikipotea bwenini, naulizwa mimi kwanza. Nimefunga siku tatu kama kafara ya kile kiapo. Mwalimu wa zamu alitaka kuniadhibu kwa kukataa chakula cha mchana. Nataka uniambie jambo moja tu, na sitakasirika. Habari ulizoona na ulizoambiwa, mpaka wake uko wapi?"

Niliisoma ile barua chooni, mahali pekee nyumbani kwetu palipokuwa na komeo. Niliona aibu. Kisha nikatoka, nikachukua kalamu, nikamjibu kwamba mashine yetu iliharibika tukiwa darasa la saba, na kwamba sehemu zote zilizofuata niliambiwa na mjomba kwa barua. Nilimsingizia mjomba wangu, mtu wa watu, aliyenitumia kanda kwa nauli yake. Niliandika kurasa mbili za kumlaani mjomba.

Alinijibu kwa mstari mmoja. "Lakini nilikuuliza kila Jumatatu."

Hakuandika tena. Likizo ya Aprili nilisikia amerudi, nikakaa siku nne nikijizungusha kabla ya kwenda. Nilimkuta ndani ya duka, nyuma ya kaunta, anapima unga. Alikuwa amekonda na amekuwa mrefu. Aliniitikia salamu vizuri, bila kisirani, jinsi angemwitikia mteja yeyote.

Eedo hakujua lolote. Alitoka nyuma akipangusa mikono, akanishika mabega, akacheka. "Mtoto ya maji! Umebotea wabi? Kaa, kaa, kunywa chai. Warran..."

Rafiki yangu hakuinua macho kutoka kwenye mizani. Alisema maneno machache kwa Kisomali, taratibu. Miaka yote ile nilikuwa nimeokota Kisomali cha kutosha. Alimwambia mama yake asiniulize.

Eedo alimtazama binti yake, akanitazama mimi. Mikono yake ikaondoka mabegani mwangu. Chai nilipewa, iliki ilikuwamo, sukari ilikuwamo. Katika nyumba ile hata dereva wa lori asiyejulikana, akiingia kununua sigara moja, huulizwa habari za barabara. Mimi niliketi pale nikanywa kikombe kizima na hakuna aliyeniuliza kitu.

"Nisamehe," nilimwambia rafiki yangu, eedo alipoingia ndani. "Walaal, nisamehe." Hilo ni neno lao la ndugu, na sikuwahi kulitumia kabla ya siku hiyo.

"Nimesamehe," alisema. "Mungu anasamehe, mimi ni nani nikatae?" Alifunga unga wa mteja, akakunja karatasi pembe kwa pembe. "Shule nitarudi. Nimeomba nihamishwe bweni. Usimwambie mama."

Nikasema sitamwambia.

"Iko habari yako moja," alisema. "Nilikuletea kutoka huko. Siwezi kukaa nayo."

Kulikuwa na kitabu fulani tulichokifuatilia darasa la saba, cha mtu aliyebaki peke yake kwenye kituo cha mwezini, anasikia mlango unagongwa kutoka nje, mahali ambapo hapawezi kuwa na mtu. Kurasa za mwisho ziliondoka na sukari ya mtu fulani kabla rafiki yangu hajazisoma. Nilimsumbua kwa kitabu hicho kuliko kingine chochote. Nilimbembeleza akisie, nikamnunia alipokataa. Basi kitabu hicho alikikuta kwenye maktaba ya shule yake, juma la kwanza kabisa, kabla ya kitanda, kabla ya gazeti. Alisoma mwisho wake mara mbili ili asipoteze neno, akauhifadhi kwa ajili yangu. Na yote yale yalipotokea hakuutupa.

Alisimama wima nyuma ya kaunta, mikono kando, akanipa habari. Alianzia pale tulipoachia. Alisema ukurasa wa ngapi, nani alisema nini, mtu yule alivaa nini, alisimama umbali gani kutoka mlangoni. Hakuongeza, hakupunguza, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Mimi nilikuwa nikimtazama uso, nikingoja aniangalie mara moja tu, hata kwa chuki. Aliangalia ukuta juu ya kichwa changu mpaka alipomaliza.

"Imeisha," alisema. Akageukia mwanamke aliyekuwa akingoja majani ya chai.

Nilitoka juani. Nilikuwa nimefika karibu na soko nilipojaribu kukumbuka alichoniambia kuhusu yule mtu wa mwezini na mlango wake, kama aliufungua au la. Alinieleza yote, neno kwa neno, na sikuwa nimesikia hata moja.